Moja Iko Wapi?

Mashine ya kushoto Nkwabi anaiita Kulwa,
ya kulia Doto,
ameandika kwa kalamu ya wino juu ya plasta.
Aliponiuliza jina nikamwambia Shija
akacheka mpaka akakohoa:
"Basi umefika kwenu. Wewe ndiye ufuataye mapacha."

Chumba kiko nyuma ya duka la nyavu, Kirumba.
Dagaa wananuka mpaka ndani ya hedifoni.
Wiki ya kwanza sikugusa kitu.
Nilihesabu. Moja mbili tatu nne, moja mbili tatu nne,
naye ameketi juu ya kreti la soda
anaukata wimbo ghafla, kama mtu anayezima taa:
"Moja iko wapi?"
Nikisema hapa, ilikuwa tatu.
Nikisema hapa, ilikuwa imeshapita,
iko njiani kuelekea Mwaloni.

Nilihesabu nikifua.
Nilihesabu nikipanda mawe ya Mabatini na ndoo kichwani,
mguu wa kushoto ndio moja,
maji yananimwagikia shingoni kwenye nne.
Mama akauliza nani ananidai.

Wiki ya pili, sikio moja kwa kila pacha.
La kushoto liko wazi, linamsikia Kulwa kwenye spika,
anajidai mbele za watu.
La kulia limefunikwa, Doto yumo humo peke yake,
hakuna amjuaye ila mimi.
Mwachie kwenye moja. Sasa!
Nikamwachia.
Mapigo mawili wakaenda pamoja,
kisha ngoma zikaanza kugongana,
du-du, du-du,
viatu vya watu wawili kwenye ngazi moja ya bati,
mmoja mlevi.

"Nani yuko mbele?"
Sikujua.
Unasikia ugomvi, husikii nani kauanza.
Nikakisukuma kitelezi juu, ukazidi.
Nikakishusha, ukapoa,
ukarudi kwa mlango wa uani.
Nikatazama kioo: mia na nne huku, mia na nne kule,
sawasawa kama mizani ya duka,
na masikio yangu yanakataa.
Nkwabi akakifunika kioo kwa kitenge cha mkewe.
"Rumba hii ilipigwa na mtu," akasema,
"na mtu akifika kwenye sebene hupandwa mori.
Hilo halina namba."

Akaniwekea kidole changu ukingoni mwa sahani.
Usimsukume, mguse,
kama unavyomgusa begani aliyesinzia kanisani:
aamke, asiaibike.

Umeme ulipokatika hatukwenda nyumbani.
Tuligonga meza, yeye kwa kisu, mimi kwa kijiko,
gizani, mpaka mwenye duka akapiga ukuta
naye, maskini, akapiga kwenye mbili.

Miezi minne.
Halafu Jumamosi moja, send-off ya binti wa mzee Lushinge, Igoma,
Nkwabi akanyanyua sahani, ile ya pilau.
"Cheza. Naenda kula."
Kulwa amebakiwa na dakika moja na nusu.
Kidole kimelowa.
Nikamsikiliza Doto humo ndani, anachelewa, unywele tu,
nikamgusa.
Akachelewa tena. Nikamgusa tena.
Kisha kukawa na kitu ambacho sikukitegemea:
kimya. Ngoma mbili, na sauti ya moja.
Nikafungua mlango polepole.

Shangazi wa bibi harusi alikuwa ameinua mkono na leso.
Aliushusha ndani ya wimbo mwingine
bila kujua kwamba kavuka.
Hakuna aliyegeuka.
Mbali, karibu na mlango, Nkwabi hakuacha kutafuna.

Wimbo uliofuata niliuharibu.
Waligeuka wote, hata mtoto aliyelala kitini,
hata mpiga picha.
Nikamtafuta Nkwabi kwa macho.
Alikuwa ameinua mkono juu ya vichwa vya watu,
kidole kimoja, kinang'aa mafuta.